Mwiko wako usimwangukie hawe

"Hawe, hebu ngoja kwanza. Sijauza."

Nimeyasikia hayo juzi asubuhi kwenye duka moja hapa Maweni, Kilifi. Aliyeitwa hawe, yaani bibi, ni mama mtu mzima, leso mbili mwilini, pesa zake kazifunga pindoni, anataka sukari robo na majani ya chai. Duka liko wazi na sukari imeshapimwa, imepangwa mifuko kwa mifuko. Lakini mwenye duka hataki mkono ule uwe wa kwanza, ati utamfukuzia wateja. Akatokea kijana wa bodaboda, akanunua sigara moja. Mwenye duka akaipokea sarafu, akaigusisha kwenye paji la uso, akaitia kwenye droo, ndipo akageuka: "Haya, hawe, wataka nini?" Mama akafungua fundo la leso bila kusema neno. Hakushangaa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ameshazoea.

Nilikasirika na bado nimekasirika. Wala sisemi kama mtu asiye na miko yake. Kwangu hakufagiwi usiku. Kiatu kikilala nyayo juu siwezi kukipita. Hata kiwe cha mgeni, hata tuktuk iwe yanipigia honi nje, nitainama nikigeuze. Mtoto akichezesha mkasi mtupu namnyang'anya kabla ugomvi haujaingia nyumbani. Alhamisi magharibi chetezo hutoka, ubani ukafukizwa chumba kwa chumba mpaka nyuma ya milango. Watoto wakiambiwa na wenzao kwamba huo ni ushamba, nawaambia waendelee kufukiza. Mama yangu alifanya hivyo, na nyumba ikinukia ubani nalala vizuri. Sihitaji mtu anithibitishie. Wale wanaotutafutia sababu za kisayansi kwa kila mwiko, ati kufagia usiku kulikatazwa kwa kuwa gizani ungezoa pete na taka, wananichosha tu.

Lakini tuangalie miko hiyo inamgharimu nani. Taka zikilala ndani mpaka asubuhi, ni nyumba yangu. Anayeinama kugeuza kiatu ni mimi. Mvuvi wa Shella asiyependa kuulizwa aendako, mwache apite na kimya chake. Wanja kwenye kipaji cha mtoto mchanga haumdhuru jirani. Na mwenye duka akitaka kuigusisha paji la uso sarafu yake ya kwanza, na aiguse. Shida huanza pale mwiko unapotoka kwa mwenyewe ukatafuta mtu wa kuubeba. Na mtu huyo hachaguliwi ovyo. Huchaguliwa asiyeweza kujibu.

Mbona sijasikia mheshimiwa akiambiwa asimame pembeni mpaka duka lifunguliwe na mkono mwingine? Mwenye gari akija wa kwanza, hiyo ni baraka ya asubuhi. Bibi arusi akiingia nyumbani kwa mume, na mwezi ule ule baba mkwe akafariki, basi ni yeye mwenye mguu mbaya. Mume aliyehamia naye siku ile ile, mguu wake haumo kwenye mazungumzo. Mikono mibaya na miguu mibaya yote ni ya wanawake, wajane, maskini na wazee.

Hapa kwetu Kilifi jambo hili limeshamwaga damu, kwa hiyo nisiambiwe nakuza mambo. Wazee wanauawa kwa mapanga kwa sababu mtoto wa fulani aliugua, au ng'ombe wa fulani walikufa, na mtu akasema ni yule babu. Kaya Godoma, kule Ganze, pamekuwa kimbilio la wazee waliokimbia makwao. Watu wa umri wa kubebwa na wajukuu wanalala ugenini kwa sababu wajukuu wale wale ndio wanaowaogopa, au ndio wanaowatisha. Kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi. Fikiria mzee kwenye kioo kidogo cha kunyolea, kidole kimechovya rangi, anazifuata mvi moja moja pembeni mwa masikio, kwa kuwa mvi zimekuwa ushahidi dhidi yake. Tulifunzwa kwamba mvi huamkiwa.

Na nyuma ya tuhuma mara nyingi pana shamba. Hili limesemwa na machifu, limesemwa na watetezi wa haki, na wazee wenyewe wanalijua. Mzee ana ekari zake, vijana wanataka kuuza, mzee hataki. Ghafla mzee ni mchawi. Sheria ya Uchawi ilitungwa 1925, na ndani yake kumsingizia mtu uchawi kuliwekwa kuwa kosa, lakini panga halisubiri mahakama.

Mtaniambia duka ni duka na mauaji ni mauaji. Mie naona ni fikra ile ile: kwamba msiba wangu una mwenyewe, na mwenyewe ni yule kikongwe pale. Anayefunzwa tangu utotoni kwamba mkono wa hawe hufukuza wateja, akikua na mtoto wake akashikwa na degedege, ataanzia wapi?

Mwenye duka yule si mtu mbaya. Nalisema hili shingo upande. Huwakopesha watu mpaka mwisho wa mwezi, na hawe mwenyewe yumo kwenye daftari. Tena msimu huu wa mvua ni mgumu, hoteli nyingi zimefunga, wafanyakazi wamerudi majumbani, na mtu akikaa nyuma ya kaunta mpaka adhuhuri bila mauzo lazima atafute sababu. Lakini sababu anaijua: watu hawana pesa.

Ninachoomba ni kwamba tusinyamaze, hasa matangani, kwa sababu huko ndiko maneno haya yanakozaliwa. Watu wako chini ya mwembe, kahawa inazunguka, na mmoja anauliza kwa sauti ya chini: "Lakini huyu mtoto, ni ugonjwa mtupu kweli?" Wengine hutikisa kichwa, na jina la mtu huanza kutajwa kwa mafumbo. Mie hapo huuliza: alipelekwa hospitali lini? Waliandika nini kwenye kadi? Kama ni malaria, tuzungumze malaria, tuzungumze na yale madimbwi nyuma ya nyumba. Mzee mmoja wa mtaani amenijia juu, akasema namtetea mchawi. Nikamwambia kwa heshima: mzee wangu, namtetea mama aliyekuwa akinipa maji ya kunywa nikitoka shule, na sitaacha.