Kabla hujauliza kama chakula ni asilia, uliza ni cha kuku wa umri gani

Kuna chakula cha kuku kimeingia mtaani kwetu, kiroba kizuri chenye picha ya koo na vifaranga wake, na maandishi makubwa: asilia asilimia mia, kwa kuku wa umri wote. Bei yake imeipita leyazi ya kawaida, yaani chakula cha kuku wanaotaga, kwa mbali, na watu wananunua, maana kila mzazi anataka mayai ambayo mtoto atakula bila yeye kuwaza dawa. Nikageuza kiroba nikasoma nyuma. Protini asilimia 16. Kalsiamu asilimia 3.8. Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira haijaisha.

Hicho ni chakula cha kuku anayetaga. Hakuna namna nyingine ya kukiita. Kifaranga na tembe ambaye hajaanza kutaga wanahitaji kalsiamu ya asilimia 1 hivi, basi. Ukiwapa karibu mara nne ya hiyo, mwili hauna pa kuipeleka kwa sababu hakuna ganda la yai la kutengeneza. Mzigo wote unaangukia figo. Figo zikishindwa, asidi ya uriki inayopaswa kutoka na kinyesi inabaki mwilini na kuganda. Mama mmoja hapa jirani alipoteza matembe wake waliokuwa wamenenepa vizuri tu, akalaumu kideri, ule ugonjwa wa virusi unaofagia mabanda, ingawa alichanja kwa wakati. Daktari wa mifugo alimpasua mmoja mbele yetu: figo zimevimba, na juu ya moyo na ini umetanda unga mweupe kama wa chaki. Hakukuwa na kideri pale. Kulikuwa na chakula cha mama zao walichokuwa wakilishwa tangu wakiwa wadogo.

Na ugonjwa huu hauna haraka. Kifaranga hafi siku hiyo hiyo ukajua kosa liko wapi. Anakua, anapendeza, halafu anakuja kuanguka akiwa karibu kuanza kutaga, baada ya kula gharama zako zote. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuangalia usoni na kukuambia wateja wake wote wamesifu chakula chake.

Tuseme ukweli kuhusu kuku wetu wa uani. Mfugaji mkubwa ana banda la kuku wa umri mmoja, wote wameingia pamoja na watatoka pamoja. Kwake ni rahisi: stata ya vifaranga, kisha groa ya wanaokua, kisha leyazi. Sisi tuna koo aliyeatamia, mwingine anataga, mwingine anatembea na vifaranga wa wiki mbili, mapora yanaanza kuwika, na jogoo juu ya wote. Sinia ni moja. Maelekezo ya kwenye viroba hayakuandikwa kwa ajili ya uwanja huo. Hata ile wiki ya 18 inayotajwa kuwa ya kuhamia leyazi ni ya kuku wa kisasa wa mayai. Tembe wa kienyeji mara nyingi huanza kutaga akiwa na miezi sita au saba. Ukimhamisha wiki ya 18, unamlisha kalsiamu ya yai ambalo litakuja baada ya miezi.

Kisha angalia koo mwenyewe. Anataga mayai kumi, kumi na tano, anaatamia siku 21, anaanza kulea. Wakati wote huo wa kuatamia na kulea hatagi. Kuku wa namna hiyo kumlazimisha kalsiamu ndani ya kila punje mwaka mzima ni kutomwelewa. Kuku anayetaga anajitafutia kalsiamu mwenyewe akiwekewa, na huitafuta zaidi jioni, kwa sababu ganda hujengwa kwa sehemu kubwa usiku. Ambaye hatagi hupita akaendelea na safari yake.

Kwa hiyo ninachokishikilia ni hiki: chagua chakula kwa kumwangalia mdogo kuliko wote uani. Wape wote groa yenye protini ya asilimia 16 hadi 18, isiyo na kalsiamu ya kutagia. Pembeni tundika kopo la maganda ya kome yaliyopondwa, au maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, katika kimo cha mdomo wa kuku mkubwa. Vifaranga wawekee stata yao chini ya tenga lenye nafasi ambazo wao wanapita na mama yao hapiti. Jogoo hana shida, groa inamtosha, na hata leyazi haikuwa ya kwake tangu mwanzo. Kama stata ina dawa ya kuzuia koksidiosi, yaani kuhara damu, hakikisha wanaotaga hawaifikii, maana baadhi ya dawa hizo, kama nikabazini, hazifai kabisa kwa kuku wa mayai.

Sasa hilo neno asilia. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wanaotafuta chakula cha namna hiyo wana hoja. Kukuza kuku kwa antibayotiki za kila siku ni jambo baya, na Ulaya ililipiga marufuku mwaka 2006. Mahindi yasiyopuliziwa sumu ni bora. Lakini kiroba nilichokisoma hakina Kilimohai, alama ya mazao ya kilimo hai, ambayo Afrika Mashariki tunayo pamoja na viwango vyake tangu 2007. Hakitaji aliyekagua. Kina picha ya jani la kijani tu.

Hata kingekuwa na alama, bado kuna mambo ambayo kilimo hai hakiyaondoi. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, ni asilia. Inatokea kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, yawe yamelimwa kwa samadi au kwa mbolea ya dukani. Iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Mahindi ambayo binadamu ameyakataa kwa ukungu huishia kwa kuku, na kifaranga ndiye huumia kwanza. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu ya pamba, na pamba iliyolimwa bila sumu kule Meatu inayo vilevile. Ikizidi kwenye chakula, kiini cha yai hubadilika rangi, hasa likikaa. Soya mbichi huzuia usagaji wa protini mpaka ikaangwe.

Anayetaka asilia ya kweli achanganye mwenyewe, kwa sababu ataona kila kinachoingia. Mimi nachanganya mahindi yaliyoparazwa kilo 40, pumba kilo 22, mashudu ya alizeti kilo 20, soya iliyokaangwa kilo 8, dagaa kilo 7, mifupa iliyosagwa kilo 2, chumvi robo kilo, na vitamini kwa kipimo cha pakiti. Protini inafika 17 hivi kama dagaa ni safi. Dagaa wa mchanga usinunue. Watie kwenye ndoo ya maji uone kinachozama, na muuzaji akikataa usimwage maji yako bure, nenda kwa mwingine. Wapo watakaosema dagaa wa ziwani si wa kilimo hai. Sawa, hakuna aliyewalima. Lakini kati ya viini vinavyojenga protini, alizeti ina methionini ya kutosha na upungufu wa lisini, dagaa wana vyote viwili, na kifaranga asiyepata hivyo haoti manyoya vizuri. Ukiwakataa dagaa, basi fuga funza kwenye mabaki ya jikoni. Majani ya mlonge peke yake hayatoshi, na nachoka kusikia yakisifiwa kana kwamba yanatosha.

Wauzaji nawaomba mambo manne kwenye kiroba: tarehe chakula kiliposagwa, kiasi cha protini, kiasi cha kalsiamu, na kuku wa umri gani. Namba zikiandikwa kwa herufi ndogo za nyuma huku mbele pameandikwa umri wote, mama wa jirani yangu hatazisoma. Alinunua kwa kuamini ule upande wa mbele, na alilipa zaidi ili awe salama. Kiroba bado kinauzwa dukani leo, na ninyi mnaokinunua kwa ajili ya makoo wanaotaga mnaweza kuendelea nacho. Vifaranga na matembe waondoeni hapo leo leo, msisubiri kiishe.