Mwachieni mwanafunzi achore mwenyewe

Maswali mengi ya mekanika tunayowapa wanafunzi wa uhandisi mwaka wa kwanza yana kasoro moja kubwa: yanawafikia yakiwa yameshafanyiwa nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo yenye somo. Mchoro upo. Vipimo vimeandikwa. Mishale ya kani imechorwa, tena kwa unadhifu. Egemeo la kushoto limewekewa alama ya bawaba, la kulia alama ya rola. Namba ya msuguano imetolewa. Kilichobaki ni kuandika milinganyo mitatu, ya mlalo, ya wima na ya momenti (kani kuzidisha umbali wake kutoka sehemu ya kuzungukia), kisha kubonyeza kikokotoo. Mwanafunzi anapata 4.72 kN, anafungua kurasa za mwisho za kitabu, anakuta 4.72 kN, anaweka alama ya vema na kwenda swali linalofuata.

Hapo hajafanya mekanika. Amefanya aljebra, na aljebra yenyewe ni ile aliyoimaliza sekondari. Kazi ya mhandisi kwenye statiki, yaani mekanika ya vitu vilivyotulia, inatangulia milinganyo: ni kuamua kitu gani unakitenga na vingine vyote, halafu kutafuta kila kinachokigusa, kukisukuma au kukivuta. Mchoro wa kitu kilichotengwa, ule ambao vyuoni kila mtu anauita FBD (free body diagram), ndio somo lenyewe. Ukikaa sawa, milinganyo inajiandika. Ukikosewa, uhodari wa hesabu hausaidii kitu.

Mimi hukaa na vijana wa mwaka wa kwanza kwenye diskasheni zao, na hali hii inaniuma kwa sababu wana akili na wana bidii. Kijana amemaliza maswali yote ya sura nzima. Mwonyeshe ngazi halisi iliyoegemezwa ukutani, umwulize hapo kuna kani ngapi na zinatoka wapi, anasita. Anasita kwa kuwa hajawahi kutakiwa aanzie hapo.

Basi tuichukue hiyo ngazi. Vitabu vya mekanika vinalipenda sana swali lake, na kwa kawaida linaulizwa hivi: ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta laini (usio na msuguano), mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, mtu amesimama mahali fulani, tafuta msuguano. Jibu linatoka, swali limekwisha. Sasa mpe mwanafunzi ngazi hiyohiyo bila mchoro. Mwambie ina uzito wa niutoni 200 na fundi ana niutoni 700, halafu umwulize: ngazi iko karibu zaidi na kuteleza fundi akiwa katikati, au akiwa kileleni?

Atalazimika kuchora. Akichora atakuta kwamba ukuta laini unaweza kusukuma kwa mlalo tu, haumshikilii mtu asishuke. Atakuta kwamba chini kuna kani mbili: sakafu inayosukuma kwenda juu, na msuguano unaouzuia mguu wa ngazi usikimbie. Akichukua momenti kwenye mguu wa ngazi, kani ya ukuta inazidishwa kwa mita 4 za kwenda juu, uzito wa ngazi kwa mita 1.5, na uzito wa fundi kwa umbali wake wa mlalo kutoka kwenye mguu. Fundi akiwa katikati, ukuta unasukuma niutoni 337.5. Akifika kileleni, ukuta unasukuma niutoni 600. Sakafu inabeba 900 muda wote. Kwa hiyo msuguano unaohitajika umepanda kutoka asilimia 37.5 ya mzigo wa sakafu hadi karibu asilimia 67, na sakafu ni ileile, ngazi ni ileile. Ndiyo maana ngazi inaweza kumvumilia mtu hatua zote za mwanzo ikamwangusha anapokaribia paa.

Usiishie hapo. Kanuni ya usalama inasema kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani. Arudie hesabu kwa mwinamo huo, fundi akiwa kileleni: ukuta unasukuma niutoni 200 tu, na msuguano unaotakiwa ni asilimia 22 ya mzigo wa sakafu. Swali moja, limegeuzwa mara mbili, na kijana ameona kwa mkono wake mwenyewe kanuni ya mafundi inatoka wapi. Maswali kumi ya kujaza namba hayampi hilo.

Msuguano ndipo maswali haya yanapoharibu zaidi. Kwa sababu kila swali linatoa namba ya msuguano, na karibu kila swali linahusu kitu kilicho ukingoni mwa kuteleza, mwanafunzi anakariri kwamba msuguano ni namba hiyo kuzidisha kani ya sakafu, basi. Mpe kasha la niutoni 500 lililotulia sakafuni, namba ya msuguano ni 0.4, mtu analisukuma kwa niutoni 120. Uliza msuguano ni kiasi gani. Wengi wataandika 200 bila kuinua kichwa. Lakini kama sakafu ingerudisha 200 huku mtu akisukuma 120, kasha lingeanza kumfuata aliyelisukuma. Msuguano hapo ni 120. Zile 200 ni kikomo chake, na chini ya kikomo msuguano unatoa kiasi kile tu kinachohitajika. Napenda maswali yanayotoa namba ya msuguano pasipo na haja nayo, na mengine yanayoificha pale inapohitajika, ili mwanafunzi aizoee tabia ya kuuliza kwanza: hiki kitu kimetulia, kiko ukingoni, au kinateleza?

Kuna atakayesema haya ni mambo ya darasani. Tarehe 17 Julai 1981, katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri nchini Marekani, njia mbili za watembea kwa miguu zilizokuwa zimening'inizwa ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency ziliporomoka wakati ukumbi umejaa watu waliokuja kwenye dansi. Walikufa watu 114, na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Katika usanifu wa kwanza, njia ya ghorofa ya nne na ile ya ghorofa ya pili iliyokuwa chini yake zilipaswa kushikwa na nondo ndefu zilezile kutoka darini. Nondo inapita kwenye boriti ya juu, nati inaishika boriti hiyo, nondo inaendelea hadi boriti ya chini ambayo nayo ina nati yake. Baadaye nondo moja ikagawanywa kuwa mbili: ya kwanza kutoka darini hadi boriti ya juu, ya pili kutoka boriti ya juu hadi ya chini. Kwa mtu anayeangalia kutoka sakafuni, ni kitu kilekile.

Sasa itenge boriti ya juu peke yake uchore. Mwanzoni nati iliyo chini yake inabeba njia moja. Baada ya mabadiliko inabeba mbili, maana njia ya chini haining'inii tena kwenye nondo inayotoka darini, inaning'inia kwenye boriti ya juu. Watu wawili wakiwa wameshika kamba moja, kila mmoja anabeba uzito wake. Wa chini akiiachia kamba na kushika miguu ya mwenzake, kamba inabeba uleule, ila mikono ya yule wa juu imebeba watu wawili. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata kiungo cha mwanzo hakikufikia kiwango kilichotakiwa na kanuni za ujenzi za mji, na mabadiliko yakazidisha mzigo mara mbili juu ya udhaifu huo. Hakuna hisabati ya juu hapa. Ni mchoro wa mishale mitatu: nati inasukuma juu, njia ya ghorofa ya nne inakandamiza chini, nondo ya pili inavuta chini. Mwanafunzi wa wiki ya nne anaweza kuuchora, ikiwa tu tumemzoesha kujiuliza nitenge nini.

Na mazoezi ya aina hiyo tumezungukwa nayo. Pembezoni mwa miji yetu nyumba zinajengwa kidogo kidogo, na kenchi zinakaa wazi kabla bati halijapigwa. Mpeleke mwanafunzi hapo na daftari. Kitabu kinamwambia mbao za kenchi zimeunganishwa kwa pini zisizo na msuguano, na mzigo unatua kwenye viungo tu, kwa hiyo kila mbao ama inavutwa ama inabanwa. Akitazama juu ataona misumari, hataona pini. Ataona pia papi za kupigilia bati zimetua katikati ya mbao, mbali na kiungo, na hapo mbao ya juu haibanwi tu, inapindwa pia. Je, bado anaweza kutumia njia ya viungo, ile ya kutenga kiungo kimoja kimoja na kusawazisha kani zake? Anaweza kuanza nayo, ilimradi ajue ameacha nini. Kuamua hivyo ni uhandisi, na hakuna swali lenye mchoro tayari litakalomfikisha hapo.

Akiwa hapohapo, mwulize kuhusu kenchi rahisi ya pembetatu yenye mbao moja tu ya wima katikati. Mzigo wa paa ukishuka kwenye kilele, na uzito wa mbao zenyewe tukiuweka kando, mbao hiyo ya wima inabeba nini? Karibu kila mtu anajibu kwamba inabanwa, kwa kuwa inaonekana kama nguzo. Kitenge kiungo cha chini: mbao mbili za mlalo zimenyooka mstari mmoja, ya wima iko peke yake, na hakuna mzigo pale. Hakuna wa kuipinga. Haibebi kitu. Tundika dari la jipsamu kwenye mbao ya chini, na ile ya wima inaanza kazi, tena kwa kuvutwa. Nimeona watu wakibishana juu ya hili hadi giza likaingia, na ubishi huo ulikuwa na faida kuliko kipindi kizima cha kunakili ubaoni.

Ninachowasisitizia wote ni kitu kimoja: kila mshale una mwenyewe. Ukichora kani, taja kitu kinachoisababisha. Ukuta unaisukuma ngazi. Dunia inalivuta kasha. Usipoweza kumtaja mwenye mshale, ufute. Kwa njia hiyo ile "kani ya mwendo" ambayo wanafunzi hupenda kuibandika mbele ya gari linaloserereka injini ikiwa imezimwa inaondoka yenyewe, kwa sababu hakuna anayeweza kusema ni nani anayeisukuma.

Walimu wenzangu watasema darasa lina mamia ya wanafunzi na swali lenye mchoro tayari ni rahisi kusahihisha. Naelewa mzigo huo. Lakini mchoro wa kani unasahihishwa kwa kuutupia jicho: mishale imetimia au haijatimia, imeelekea panapostahili au la. Kufuatilia kurasa tatu za aljebra ndiko kunakomaliza usiku. Wiki mbili au tatu za kwanza za semina ziende bila namba hata moja, maneno na michoro tu. Kwenye mtihani, nusu ya alama za swali ziwe za mchoro. Mwanafunzi anayejua alama ziko wapi atakwenda zilipo, na wale wanaopata sapu (mtihani wa marudio) kwa kukosea ishara moja mwishoni watapata haki ya kile walichokielewa.

Na wewe uliye mwaka wa kwanza, usisubiri chuo kibadilike. Funika mchoro wa kitabu kwa karatasi, soma maneno peke yake, chora wako, ndipo ufunue ulinganishe. Lile faili la majibu linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp lisifunguliwe mpaka mishale yako yote iwe na wenyewe. Ukishapata jibu, hamisha mzigo au badili egemeo, ukisie kitakachotokea kabla ya kukokotoa. Ukifika sura ya fremu, azima koleo la fundi: lichore kama vipande viwili vilivyotenganishwa kwenye pini, kila kipande na mishale yake, na mshale wa pini kwenye kipande kimoja uwe sawa na wa kipande cha pili lakini ukielekea kinyume. Pima umbali kutoka kwenye pini hadi unaposhika, na kutoka kwenye pini hadi linapobana msumari, kisha tafuta kani ya mkono wako imezidishwa mara ngapi.