Kila Mtu Anasema Ni Betri

Kwadi kuukuu, ile pikipiki ya magurudumu manne, ikigoma kuwaka ufukweni, hakuna asiyekuwa fundi. Muuza madafu fundi. Mlinzi wa hoteli fundi. Mtoto wa darasa la tatu aliyekuja kuogelea naye ana maoni. Na wote kwa sauti moja: "Betri hiyo!" Hawajashika mita ya kupimia volti, hawajafungua kiti, hawajui hata betri imekaa wapi. Ila ni betri.

Haya, tuseme ni betri. Si ina namba zake jamani? Betri ya volti 12 iliyojaa ikapumzika husoma 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.0 imekwisha, ipeleke chaji, kikao kifungwe. Ikisoma vizuri, mmoja abonyeze kitufe cha selfu, ile mota inayozungusha injini ipate kuwaka, mwingine atoe macho kwenye mita. Ikiporomoka chini ya 9.6, sawa, kamati ya ufukweni ipigiwe makofi. Lakini ikibaki 12.4 na selfu haitikisiki, umeme unakwama njiani, na huko njiani ndiko waliko wataalamu waliokutangulia.

Maana nyaya za kwadi ya zamani zimepita mikono ya watu, wacha kabisa. Mmoja kaunga kwa kusokota, kisha kaziba kwa mfuko wa plastiki ulioyeyushwa na kiberiti. Mifuko ile ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, kwenye kwadi bado inaishi kwa amani. Mwingine kaona fyuzi inakatika kila siku, kaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi haikatiki tena, ni kweli. Sasa kitakachoungua ni waya wenyewe, tena chini ya tangi la petroli. Fyuzi hukatika kwa kuwa kuna waya uliochubuka unagusa chesisi, na mara nyingi ni pale shingoni mwa usukani, unapojikunja kila unapokata kona. Lakini kutafuta ni kazi, sigara ipo mfukoni.

Kiboko yao ni aliyetoa ile kebo nene ya selfu akafunga waya wa soketi za nyumbani, milimita za mraba 2.5! Eti taa ya dashibodi inawaka, kwa hiyo moto upo. Taa ile inakula nini? Selfu inakula makumi ya ampea. Kiungo chenye kutu kikiwa na upinzani wa omu 0.1 tu, na selfu ikavuta ampea 60, volti 6 zimeliwa hapohapo. Betri inatoa 12, selfu inaambulia nusu, kisha tunamlaumu Mchina.

Sikiliza kwanza. Ukibonyeza ukasikia "tak!" kwenye rilei, ile swichi ya umeme inayofungulia selfu moto wa betri, ujue njia ndogo ya umeme ni nzima: fyuzi, ufunguo, kitufe. Shida iko kwenye njia kubwa, ile ya kebo nene. Kukiwa kimya kabisa, shida iko njia ndogo, na kabla hujafungua chochote, shika breki! Kwadi nyingi za Kichina za cc 110 hazipeleki moto kwenye kitufe cha selfu mpaka breki ishikwe, na ile swichi ya kwenye mkono wa breki ni kijiplastiki kinachopenda mchanga kuliko kaa. Kuna watu wamenunua rilei mpya, wamefunga, wamelipa fundi, na breki hawajaigusa.

Kama "tak" ipo, rudi kwenye mita. Waya mwekundu wa mita kwenye nguzo ya chanya ya betri, ile risasi yenyewe, si kibano chake. Mweusi kwenye boliti ya rilei inakoingia kebo. Bonyeza selfu. Ikizidi volti 0.2, kebo au kichwa chake kimeoza. Halafu pima kati ya boliti mbili kubwa za rilei huku umebonyeza: ikisoma karibu 12, rilei inapiga kelele lakini ndani haigusi. Hiyo ndiyo ya kununua. Mwisho, napo huku umebonyeza, pima kutoka bodi ya injini hadi hasi ya betri. Hapa ndipo mchawi anapokamatwa, kwa sababu kuna mtu alipaka kwadi rangi mpya ipendeze watalii, akapaka na pale inapokaa ethi, yaani waya wa hasi unapofungwa kwenye chuma.

Kabla ya kugusa spana, toa hasi kwanza. Ukianza na chanya na spana ikagusa chesisi, utaona cheche usizozisahau. Sugua pale pa ethi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza boliti, ndipo upake grisi juu. Waya ulioliwa na chumvi usiuamini kwa ganda. Chubua: shaba ikiwa nyeusi, kata, songa mbele, chubua tena. Chumvi hutambaa ndani ya ganda, unaweza kukata shubiri nzima hujakutana na wekundu. Kebo ya selfu usiiunge, badili yote, ya shaba ya milimita za mraba 16, yenye vichwa vilivyobanwa kwa mashine, si kwa jiwe.

Ukirudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Bonyeza sekunde 5, iache ipumzike, maana selfu huungua kwa kung'ang'aniwa. Ikiwa mota inalia kwa kasi na injini haizunguki, nyaya zako hazina kosa, klachi ya selfu ndiyo imekufa, huo ni msiba mwingine wenye bajeti yake. Na ikizungusha injini vizuri kabisa lakini haishiki, kabla hujamwita mtu wa kabureta, tazama ile swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani. Kwenye nyingi ya hizi za Kichina selfu huzunguka hata swichi ikiwa imezimwa. Yule mtoto wa darasa la tatu ameichezea tangu saa nne.