Gari Langu Halitaki Foleni

Mimi na gari langu hatuna ugomvi likiwa linakwenda. Usiku, barabara ya Mtwapa nyeupe, upepo unaingia mbele, utadhani limeshuka melini jana. Ugomvi wetu ni likisimama. Na n'ambieni, yakhe, hapa Mombasa gari litaacha kusimama wapi? Buxton lisimame, Saba Saba lisimame, Changamwe likalale kabisa. Ukitaka kuvuka Likoni, hapo ushajitafutia mwenyewe.

Ni gari la 1997. Liliingia Kilindini mwaka wa 2004, lina miaka saba, maana sheria yetu haipokei gari lililopita miaka minane. Lilikuwa kijana. Na mimi nilikuwa kijana. Siku hizi tukipanda daraja la Nyali twahema wote wawili.

Maradhi yalianza kwa kituko. Nikiwasha taa kubwa, mshale wa joto wapanda. Nikizima, washuka. Nikitia indiketa, mshale waitikia kichwa, tik, tik, kama mzee yuko kwenye dhikiri. Nikampelekea fundi wa kwanza habari hiyo kama ilivyo. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuku wa jirani anataga kwa Kiarabu.

"Taa na joto la injini wapi na wapi, bosi?"

Akachomoa tamostati. Akaniwekea kiganjani. "Hii Wajapani waliitia kwa sababu ya theluji. Wewe umeshaona theluji Majengo?"

Sikuwa nimeiona. Hoja ikanishinda, nikalipa. Baadaye ndio najua kwamba kile kidude hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuiacha injini ipate moto wake upesi kabla maji hayajaanza kuzunguka kwenye rejeta, huko mbele yanakopozwa. Ukikitoa, injini yashinda ikinywa petroli kama iko kwenye baridi ya alfajiri. Kwa hivyo nikawa nimeongeza gharama ya petroli, na joto la foleni liko palepale.

Basi ikaja Jumamosi ya harusi ya Ukunda. Mwezi wa pili, kaskazi imekata, jua la saa saba. Mbele kaketi mama mkwe na buibui lake. Nyuma mke wangu kapakata sahani ya halua. Foleni ya feri imeanzia juu huko, hatua moja, simama, hatua moja, simama. Nikaona mshale waondoka katikati pole pole, kama mgeni anayeaga hataki kuonekana.

Nikategea sikio. Gari likipata moto, feni ya rejeta huwaka yenyewe, vuuu, ndio iliyo kazi yake, kuvuta upepo pale gari lisipokuwa na mwendo wa kujitafutia. Nikasikiliza. Kimya. Kisha nikasikia kitu kama mtu anayefagia ua akiwa na usingizi. Feni yangu ilikuwa yazunguka kwa hisani tu.

Sasa kuna dawa moja ya dharura, na ni dawa ya kweli: fungua hita mpaka mwisho. Moto wa injini wahamia ndani ya gari, mshale washuka. Nikaifungua. Gari likawa tanuri. Mama mkwe hakusema neno. Alitoa kipepeo chake cha ukindu mkobani, akaanza kujipepea, na kila akipepea jicho moja liko kwangu. Nyuma halua ikaanza kukumbuka ilikotoka, ikarudi kuwa shira.

"Mama," nikamwambia, "vumilia kidogo, naliokoa gari."

"Liokoe, mwanangu," akasema. "Sisi tutaokolewa na Mungu."

Moshi mweupe ulipotokea kwenye boneti nikazima, nikashuka. Ndipo nikajua mji huu hauna mtu ambaye si daktari wa magari. Muuza madafu: "Hiyo ni gasketi." Wa tuktuk: "Gasketi wapi, ni pampu ya maji." Kijana wa boda akapeleka mkono kwenye mfuniko wa rejeta aufungue. Nilimrukia kama golikipa. Maji yale yamebanwa na presha, mfuniko ukitoka yaruka usoni kama chungu cha mchuzi kilichopinduka. Utamuunguza kijana wa watu bado hajaoa. Tukangoja nusu saa. Mama mkwe akashuka, akaja mbele ya gari, akatazama ile feni, akainyooshea rejeta kipepeo chake, akaipepea mara mbili, tatu. Watu wa miguu wanaoteremka kwenda kwenye feri wakasimama kutazama. Mpaka leo kuna mtu Likoni ana picha hiyo kwenye simu.

Harusini tulifika wali umebaki ukoko.

Fundi wa pili aliuza feni. Hakuuliza, aliuza. Mota nzima, mtumba, shilingi 3,500. Nikamwambia tena habari ya taa na mshale. "Tutaangalia hiyo mwisho," akasema, na mwisho wake ulikuwa nilipomlipa. Feni mpya ikawa yafagia ua vilevile.

Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Huyu alisema mambo ya sensa, kile kipima joto cha kuiamrisha feni, na rilei, swichi yake ya umeme, ni usumbufu wa wazungu, akapiga waya moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka kwenye feni, katikati akatia swichi. Swichi gani? Swichi ya nyumba! Ile nyeupe ya ukutani, ya taa ya sebuleni, akaifunga kwa skrubu mbili kwenye dashibodi. Aliyeingia garini mwangu alikuwa aitafuta na soketi ya kuchaji simu. Na fyuzi je? "Waya huu mnene, hauna haja."

Wiki ya kwanza nilisahau kuzima. Feni ikazunguka usiku kucha ikipoza gari lililolala, kulipokucha betri imekufa, vijana waliotoka swala ya alfajiri wakanisukuma mpaka kona, na mmoja akaniambia, "Ami, uza." Wiki ya pili nikasikia harufu ya plastiki. Feni ya gari hunywa ampea kumi na zaidi, na saketi isiyo na fyuzi haina pa kukatikia. Swichi ya watu imezoea balbu. Ilikuwa yayeyuka taratibu kama ile halua.

Aliyenitoa ni mzee mmoja wa nyuma ya Mwembe Tayari, hana gereji, ana benchi, na chombo chake ni balbu yenye nyaya mbili, ya kupimia umeme. Nilipomwambia, tena kwa aibu, nikiwasha taa mshale wapanda, hakucheka. Aliweka kikombe cha kahawa chini.

"Na honi?"

"Honi ilinyamaza mwaka juzi."

"Na hao wote hukuwaambia?"

Niliwaambia, babu! Niliwaambia wote!

Akang'oa kwanza ile swichi ya sebuleni, akanipa mkononi kama daktari anayekupa jino lako, akarudisha nyaya zilivyotoka kiwandani. Injini ikiwaka, akachomoa plagi ya sensa kwenye rejeta. Kwenye gari langu, anasema, plagi hiyo ikitoka feni lazima iwake, waliliunda hivyo makusudi, sensa ikifa feni isife nayo. Ikawaka, ile ya usingizi. Akachukua waya mmoja wa kuamshia betri, upande huu akashika hasi ya betri, upande huu bodi ya gari. Vuuuuu! Paka aliyekuwa chini ya benchi alihama.

Kumbe ni athi. Waya mweusi unaotoka betrini kufungwa kwenye bodi, kwa bolti moja ya spana nambari kumi, umejificha chini ya trei ya betri. Bolti ilikuwa imeota unga wa kijani na mweupe. Ni hewa yetu hii ya bahari, inakula misumari ya mlango, itaacha bolti? Umeme ulikuwa ukienda na hauna njia nzuri ya kurudi, kwa hivyo taa, feni, indiketa na mshale vyote vyagombea kijia kimoja, kama sisi Buxton. Akapiga msasa ikang'aa, akakaza, akapaka grisi. Akachungulia na rejeta, maji mekundu kwa kutu kama chai ya rangi, kazi yangu mimi na ndoo ya kisima cha chumvi. Akanikemea kwa hilo. Yote kwa yote, shilingi 300, na kahawa nilinunua mimi.

Feni sasa hujiwakia, hujizimia. Mshale hauitikii dhikiri tena. Honi imefufuka, na kwa kuwa imenyamaza miaka miwili hulia hata nikikata kona ya kushoto, lakini hilo nimelisamehe.

Juzi kukawa na harusi nyingine, Diani. Nikampitia mama mkwe, nikamfungulia mlango, nikamueleza kwa fahari: bolti, msasa, athi, yote. Akanisikiliza vizuri, mpaka mwisho. Akaingia, akafungua mkoba, akatoa vipepeo viwili.

"Hiki changu," akasema. "Hiki cha gari."