Hana-Rawhiti Maipi-Clarke: amebebwa na ukoo?

Tarehe 14 Novemba 2024, chama chake kilipoulizwa katika bunge la New Zealand kinapiga kura gani, mbunge kijana Hana-Rawhiti Maipi-Clarke alisimama, akachana nakala ya muswada wa kufafanua upya maana ya Mkataba wa Waitangi wa 1840, uliowekwa kati ya Waingereza na machifu wa Kimaori, akaanza haka, ngoma ya jadi ya Wamaori. Dunia ilimjua siku hiyo. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wa mkoa wa Waikato walishawajua wazee wake zamani, na ndiyo maana wapo wanaosema binti huyu kabebwa.

Ushahidi upo. Mwaka 2018 babu yake, Taitimu Maipi, alishika nyundo na rangi akaiendea sanamu ya Kapteni Hamilton, afisa wa Uingereza ambaye mji wa Hamilton unaitwa kwa jina lake. Miaka miwili baadaye sanamu iling'olewa. Hana Te Hemara, wa ukoo huohuo, aliwasilisha bungeni mwaka 1972 maombi ya kutaka Kimaori kifundishwe shuleni. Nyuma zaidi yuko Wiremu Katene, aliyekuwa waziri mwaka 1872.

Hoja hiyo siipuuzi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wamaori wengi walihamia mijini, na wajukuu wao wengi wamekua bila mzee wa kuwafundisha lugha wala kuwasimulia ardhi ilivyochukuliwa. Kijana wa namna hiyo, pale Auckland, aanzie wapi?

Ila tazama Hana alimshinda nani katika uchaguzi wa 2023, akiwa na miaka 21. Nanaia Mahuta alikuwa mbunge tangu 1996 na waziri wa mambo ya nje. Baba yake, Sir Robert Mahuta, mtoto wa kulelewa wa Korokī, mfalme wa Wamaori, ndiye aliyeongoza madai ya ardhi ya Waikato hadi fidia ya 1995. Kama jina lingetosha, Mahuta angekuwa bado bungeni.

Mimi naona ukoo wa Maipi haukumwachia Hana cheo, ulimwachia deni la ardhi iliyonyang'anywa na serikali ya kikoloni miaka ya 1860, na deni hilo lina gharama: Juni 2025 alisimamishwa ubunge siku saba kwa ile haka, ingawa muswada wenyewe ulishaanguka Aprili kwa kura 112 dhidi ya 11. Na kuhusu yule kijana wa Auckland, napata tumaini Huntly, mji mdogo wa Waikato. Kabla ya siasa, Hana alikuwa huko akiwafundisha watoto kulima bustani kwa kufuata mwandamo wa mwezi, kama wazee wa Kimaori walivyolima.