Hakuna Kuku Aliyekufa

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja amekwisha kuwatangazia watu wa Ngamiani nzima hapa Tanga, kuanzia kwa muuza kahawa hadi kijiwe cha bodaboda, kwamba sinia la mama mkwe liliruka juu ya mabati, likavuka ukuta wa jirani na kuua kuku wawili, naona ni haki yangu kueleza kilichotokea kabla kuku hao hawajafika watano. Hakuna kuku aliyekufa. Sinia halikuruka, lilibingirika. Kidole changu cha shahada kimefungwa bandeji, nacho ndicho ninachoandikia, kwa hiyo mkiona herufi imepotea, msiulize.

Sinia lenyewe wengi wenu mmeliona, maana nililipiga picha siku ya Idi likiwa limebeba halua. Ni la shaba, upana wake kama dhiraa moja, na mama mkwe alilirithi kwa bibi yake likiwa na maua manane ya nakshi kuzunguka ukingo. Katikati lilikuwa limejaa mikwaruzo, kazi ya visu vya vizazi vitatu vya wakata halua. Shemeji yangu alikuwa anaolewa Jumamosi, mama akataka sinia liwe linang'aa siku hiyo, akasema angelipeleka kwa fundi. Hapo ndipo mimi, mkwe aliyekula katika nyumba ile miaka sita bila kuonekana amefanya jambo lolote la maana, nilipofungua kinywa na kusema, «Mama, hilo niachie mimi.»

Muuza duka la vifaa, Mungu amzidishie subira, alinieleza kila kitu. Alisema mkwaruzo haufutwi na dawa ya kung'arishia. Mkwaruzo unafutwa na msasa, na msasa nao unaacha mikwaruzo yake midogo, ambayo lazima ifutwe na msasa laini zaidi, hivyohivyo hadi ibaki midogo kiasi cha dawa kuiweza. Akanipangia mezani namba 220, 400, 600, 800 na 1000, zile laini zikiwa za msasa wa maji. Akaniambia kila nikibadilisha namba nioshe sinia lote, kwa sababu chembe moja ya namba kali ikibaki itachora upya nilichokwisha kulainisha, na nibadilishe pia upande wa kusugua, nikitoka kulia kwenda kushoto niende juu kwenda chini, ili mistari ya namba iliyotangulia ionekane ikiwa bado ipo. Wazee wetu walikuwa na jani la mti wa msasa, ambalo halikuandikwa namba yoyote, na nilimwonea wivu kila aliyeishi zama zile.

Nilimsikiliza kwa adabu, nikahesabu karatasi tano zenye jasho langu ndani yake, kisha nikanunua moja: namba 80. Ndiyo, nyinyi mafundi mnaosoma, shikeni vichwa vyenu, nawasubiri. Namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi, na namba 80 ni ile ya kuvulia kutu kwenye geti. Juu yake nikanunua gurudumu la vitambaa la kufunga kwenye mashine na miche miwili ya dawa ya kung'arishia iliyofanana na vipande vya mche wa sabuni, mmoja wa kahawia wa kukatia mikwaruzo na mwingine mwekundu wa kumalizia. Hesabu yangu ilikuwa kwamba mikwaruzo mirefu ingeondoka kwa namba 80 na iliyobaki ingemalizwa na mashine. Jirani anayenoa visu akaniazima mashine yake, akanionya nisiichezee, nikamwambia sina umri wa kuchezea vitu.

Jumatano saa kumi alasiri nilikuwa uani. Waya wa umeme haukufika kivulini, kwa hiyo niliiweka mashine juu ya benchi katika mdomo wa ushoroba, mimi nikiwa upande wa uani na mashine ikitazama mlango wa mbele. Wanaozijua nyumba zetu wanajua kwamba ushoroba hukata nyumba katikati, mnyoofu kama rula, kutoka uani hadi barazani. Barazani, jambo ambalo sikulijua, mama mkwe alikuwa ameketi na wazee watatu wa upande wa bwana harusi, wakinywa kahawa.

Namba 80 ilifanya ilichoahidi. Katika dakika ishirini mikwaruzo ya visu haikuonekana tena, kama vile chunusi zisivyoonekana kwa mtu aliyeungua uso mzima. Ua moja la nakshi lilikwenda nalo likabaki jani, lakini nilijipa moyo kwamba maua saba ni mengi pia. Nikajifunga kanga ya mke wangu kiunoni isinichafue dawa, nikawasha mashine, nikaligusisha gurudumu kwenye mche wa kahawia, nikaanza.

Niseme kweli, kwa dakika tano za mwanzo nilijiona fundi. Shaba ilitoka weusi, nikaipangusa, ikawaka kama jua la asubuhi. Kisha nikaisogeza kwenye mwanga nikaona kwamba mistari ya namba 80 haikuondoka hata mmoja. Kilichotokea ni kwamba sasa nayo ilikuwa inang'aa. Dawa ile ni unga laini wa mawe uliokandwa kwa nta na mafuta; haina ubavu wa kushusha vilima vilivyolimwa na namba 80, inachoweza ni kuving'arisha pamoja na mabonde yake. Nilikuwa nimeshika shamba la matuta lililopigwa rangi ya dhahabu.

Mtu mwenye akili angezima mashine. Mimi nilikandamiza zaidi. Sinia likapata moto, vidole vikaungua, nikahamisha mikono, na katika kuhamisha, ukingo wa juu wa sinia ukainama kuelekea gurudumu.

Gurudumu la sentimita 15 linalozunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu kilometa 80 kwa saa, kasi ileile ambayo basi la Dar es Salaam haliruhusiwi kuizidi. Upande unaomtazama mtu huenda chini. Ndiyo maana kitu kinachong'arishwa huwekwa chini ya katikati ya gurudumu, ukingo wake ukiwa umeelekea gurudumu linakokimbilia, lisipate pa kushika. Mimi nililipatia pa kushika. Nilisikia neno moja tu, «Kwap!», na mikono yangu ikawa imeshika hewa.

Sinia lilipiga sakafu kwa ukingo, likadunda mara moja, likasimama wima kama gurudumu la mkokoteni, likaanza safari. Halikwenda mbio, hilo ndilo lililoniumiza. Lilikwenda kwa heshima, kama mgeni anayeujua mlango. Lilipita chumba cha kwanza, ambapo shangazi alikuwa akipaka hina, naye akaliangalia likipita kutoka kushoto hadi kulia bila kusema neno. Lilipita chumba cha pili. Likagusa ukuta, nikasema Alhamdulillahi, litaanguka. Halikuanguka, ukuta ulilinyoosha tu. Nami nilikuwa nyuma yake, nimeinama, nimenyoosha mikono kama mtu anayefukuza bata, uso mweusi kwa dawa, kidole kinavuja damu, nikinong'ona «Simama, simama,» kana kwamba sinia lina masikio. Likavuka kizingiti. Likaingia barazani.

Hapo likaanza kuzunguka lenyewe kwa lenyewe, wang', wang', wang', likizidi kulala na sauti ikizidi kwenda haraka, wang'wang'wang'wang', mzee mmoja akiwa amenyanyua miguu yote miwili na kikombe chake cha kahawa, hadi likatulia mbele ya ndala za mama mkwe, uso juu, matuta yote yakimeremeta.

Hakuna aliyesema kitu. Nilitaka kuamkia, nikatoa «Shikamooni» ambayo hata mimi sikuisikia. Nikaona dawa ni kurudi ndani, nikageuka, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kanga ina maandishi, na maandishi yale yalikuwa yamekaa sawasawa makalioni. Yule mzee wa kikombe akayasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya posa: «Mwenye macho haambiwi tazama.»

Mama mkwe akaweka kikombe chini. «Mwanangu,» akasema, «sinia umelipiga msasa. Na wewe nani atakupiga?»

Yaliyofuata si ya kuwachosha. Sinia lilikwenda kwa fundi, ambako lingekwenda tangu mwanzo. Alilisugua kwa mkono siku mbili, namba baada ya namba, akilimwagia maji, na hakugusa mashine hadi uso ulipokuwa wa kijivu mmoja usio na mstari hata ukiutazama kwa pembeni. Mche wa kahawia ukachukua dakika chache, akabadilisha gurudumu, mwekundu ukachukua chache zaidi. Nililipa shilingi 40,000 na mashine ya watu nikairudisha bila kusimulia. Jumamosi halua iliandaliwa juu ya sinia lenye maua saba na jani.

Kuhusu kuku, nilitegemea mama mkwe angenitetea, kwa kuwa yeye alikuwepo. Wakati wa kula, mgeni mmoja kutoka Pangani akamuuliza kama ni kweli walikufa wawili. Mama akatafuna halua yake, akameza, akanitazama vizuri.

«Watatu,» akajibu. «Na mmoja alikuwa anaatamia.»