Tunamfungia Mvuvi Mto, Maji Taka Tunayaachia Njia

Tarehe 14 Machi mwaka huu nilikaa ukingoni mwa Mto Severn, kusini kidogo ya mji wa Worcester, mpaka giza lilipoingia, kwa kuwa hiyo ndiyo siku ya mwisho ambayo sheria ya Uingereza inamruhusu mtu kutupa ndoana mtoni kabla ya msimu kufungwa. Maji yalikuwa yamejaa, yakiwa na rangi ya udongo kutokana na mvua zilizonyesha kwenye milima ya Wales unakoanzia mto huo, na ukingoni kote watu walikuwa wameketi kimya na mishipi yao kama watu wanaomsindikiza msafiri. Nilimpata samaki mmoja tu, yule wa ndevu nne ambaye Waingereza humwita barbel na ambaye ni wa jamii moja na kuyu wa mito yetu. Nikamfungua ndoana, nikamshika majini kwa mikono miwili akitazama mkondo mpaka alipopata nguvu, kisha nikamwachia. Mzee mmoja, ambaye huwa tunakaa jirani pale mtoni, alikunja vifaa vyake, akanipa mkono, akasema tutaonana tarehe 16 Juni.

Mimi ni mzaliwa wa bonde la Malagarasi, upande wa Uvinza, mkoani Kigoma, na nimeishi huku kwa miaka 14. Kila msimu unapofungwa hujikuta ninaufikiria mto wa nyumbani, na mwaka huu nimeona niyaandike ninayoyawaza, kwa sababu sasa na sisi tumeanza kufunga maji, na naona tunaelekea kurudia kosa ambalo wenyeji wangu wa huku wamelifanya kwa muda mrefu.

Utaratibu wa hapa ni wa zamani. Sheria ya mwaka 1878, iliyosimamiwa bungeni na Mundella, mbunge wa Sheffield, ndiyo iliyoweka kipindi cha kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni ambapo samaki wa kawaida wa mtoni, yaani wasio wa jamii ya samoni, hawavuliwi, ili wapate nafasi ya kutaga. Baadaye maziwa na mabwawa mengi yaliondolewa katika katazo hilo mwaka 1995, na mifereji mingi mwaka 2000, lakini mito ikabaki. Mwaka 2019 Wakala wa Mazingira uliwauliza wavuvi wenyewe kama kipindi hicho kifutwe, kibadilishwe au kiachwe kilivyo, na baada ya kuwasikiliza ukakiacha. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo la kuulizwa, kwa sababu nitalirudia.

Kwa mtu aliyekulia Uvinza, uvuvi wa huku ulikuwa mgumu kueleweka mwanzoni. Kila aliyefikisha miaka 13 lazima awe na leseni ya kuvulia, na asiyekuwa nayo anaweza kutozwa faini inayofikia pauni 2,500. Samaki wengi hurudishwa majini. Sheria inamruhusu mtu kuondoka mtoni na samaki wadogo wasiozidi 15 kwa siku, kila mmoja asizidi sentimita 20, pamoja na aina chache nyingine zenye kiwango chake, naye mkunga lazima arudishwe bila mjadala. Marehemu baba yangu, aliyetusomesha kwa kambale aliowakausha kwa moshi, asingeelewa kwa nini mtu alipe fedha na kukaa kwenye baridi siku nzima halafu arudi nyumbani mikono mitupu. Sioni kwamba angekuwa amekosea. Mvuvi wa Severn akifungiwa mto anapoteza burudani, wakati mvuvi wa Malagarasi akifungiwa mto anapoteza chakula cha jioni, ada ya shule na nauli ya kwenda hospitali. Sera inayowatazama watu hawa wawili kwa jicho moja ni dhaifu tangu inapoandikwa.

Hata hivyo, baba alikuwa na kanuni zake. Malagarasi ni mto wa kilomita 475, unaomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika upande wa kusini wa Kigoma mjini, na kabla ya kufika huko unapita katika mbuga pana za majimaji ambazo, pamoja na zile za Muyovozi, ziliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, zikiwa eneo la kwanza la Tanzania kuingia humo, lenye ukubwa wa hekta 3,250,000. Mvua za kwanza zinapojaza mbuga hizo, kambale huacha mto na kupanda kwenye maji ya kina kifupi, katikati ya nyasi, kutaga mayai. Usiku huo mtoto anaweza kuwakamata kwa mikono. Baba hakupenda kutega migono kwenye vijito hivyo katika wiki za mwanzo. Alitega baadaye, maji yalipoanza kurudi mtoni, na alituambia kwamba samaki aliye njiani kwenda kuzaa aachwe apite kwanza. Hakuna aliyemwandikia sheria hiyo. Aliwakemea pia vijana waliokuwa wakisaga utupa na kuumwaga kwenye madimbwi, kwa kuwa sumu haichagui mkubwa wala mdogo.

Ndiyo maana sikushangaa wala kukasirika niliposikia kwamba Tanzania imefunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia. Nililiunga mkono jambo hilo na bado ninaliunga mkono. Ziwa hilo ni la nchi nne, dagaa na migebuka hawajui mpaka, na nchi moja ikipumzisha maji huku jirani akiendelea kuvua, mapumziko hayo hayana maana. Lakini nilipompigia simu baba yangu mdogo, ambaye maisha yake yote yamekuwa kati ya mto na ziwa, nilisikia malalamiko ambayo hayakuhusu kufungwa kwenyewe. Alisema kwamba tangazo liliwafikia kama amri, kwamba hakuna aliyefika kijijini kwao kuwauliza ni wakati gani samaki wanataga, na kwamba familia za wachuuzi wa dagaa, hasa akina mama, ziliingia katika miezi mitatu ile bila akiba. Akaniuliza swali ambalo limenikaa mpaka leo: ziwa limefungwa wakati wa kiangazi, na mto, ambao samaki wake wanazaa wakati wa mvua, unafungwa lini?

Swali hilo lina uzito hata huku Severn. Tarehe za mwaka 1878 zimewekwa kwa kalenda ya binadamu, ilhali samaki wanafuata joto la maji. Samaki aina ya pike huanza kutaga mwishoni mwa majira ya baridi, pengine kabla msimu haujafungwa, na barbel katika miaka ya baridi anaweza kuwa bado anataga wakati wavuvi wanarudi ukingoni kwa furaha tarehe 16 Juni. Nimewahi kuwaona kwa macho yangu, wamejipanga juu ya changarawe kwenye maji ya kina kifupi, na nikaona wavuvi kadhaa wakihamia sehemu nyingine bila kuambiwa na mtu. Hiyo ndiyo tabia ninayoiheshimu kuliko zote huku. Tarehe ya sheria ni kiwango cha chini, na mvuvi anayeujua mto wake huongeza hapo kile alichokiona kwa macho. Baba alikuwa na nusu hiyo ya pili bila kuwa na ile ya kwanza. Kwetu tunaanza kuandika ile ya kwanza, na tunaiandika kana kwamba ile ya pili haijawahi kuwapo.

Lakini tofauti ya tarehe ni jambo dogo ukilinganisha na lile linaloniumiza hasa. Wavuvi wa hapa hutii. Tarehe 15 Machi ukipita ukingoni hukuti mtu, na anayeonekana na mshipi wavuvi wenzake humripoti kwa simu kabla ofisa hajafika. Wakati huohuo, mto wenyewe haupumziki hata siku moja. Mifumo mingi ya zamani ya maji taka nchini humu huchanganya maji ya mvua na ya vyoo katika bomba moja, na mvua ikizidi, mchanganyiko huo huachiwa mtoni kupitia mabomba ya dharura. Mwaka 2023 pekee mabomba hayo ya Uingereza yalimwaga kwa jumla ya saa milioni 3.6. Katika tathmini ya mwaka 2020, asilimia 14 tu ya mito ya nchi hii ilikuwa na hali nzuri ya kiikolojia, na hakuna hata mmoja uliofikia hali nzuri ya kikemikali. Mto Wye, unaokutana na Severn karibu na bahari na ambao zamani ulisifiwa kwa samoni wake, umeharibiwa na fosforasi inayotoka mashambani, sehemu kubwa ikiwa ni ya mbolea ya kuku wanaofugwa kwa mamilioni katika bonde lake. Mwaka 2023 samoni wa Atlantiki katika kisiwa cha Britania aliorodheshwa kuwa katika hatari ya kutoweka.

Yaani kwa karibu miaka 150 mwenye ndoana ameambiwa apumzike ili samaki wazae, naye akapumzika, lakini mayai yale yametagwa kwenye maji ambayo mwenye bomba na mwenye shamba la kuku hawajawahi kufungiwa msimu. Nina hasira juu ya jambo hili, na sioni sababu ya kuificha. Ni rahisi kwa serikali yoyote kumfunga mvuvi, kwa kuwa anaonekana, ameketi pale ukingoni, ana leseni yenye jina lake. Bomba halina jina, na mwenye bomba ana mawakili.

Ili nisionekane mtu wa kulaumu tu, nitaje lililo jema. Hapahapa Worcester, mahali panapoitwa Diglis, kuna kizuizi cha maji kilichojengwa katika miaka ya 1840 ili vyombo viweze kupita mtoni, na tangu wakati huo samaki wa baharini waliokuwa wakipanda Severn kuja kutaga walikatiwa njia. Mwaka 2021 ilifunguliwa njia ya pembeni ya kuwapitishia samaki, yenye chumba chini ya usawa wa maji na dirisha la kioo ambapo wageni hukaa na kuwatazama wakipita. Nilimpeleka binti yangu. Hapo ndipo nilipomweleza habari za babu yake na kambale wa mvua za kwanza, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alipoelewa ninachozungumzia. Fedha za kujenga njia ile zilitumika vizuri, maana kanuni yake ni ileile ya baba: samaki aliye njiani kwenda kuzaa aachwe apite.

Nyumbani hatukosi sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kila mtu kijijini kwetu ameshasikia habari za hizo mita 60, kwa sababu zimewahi kutumika kuwafukuza wenye bustani za mboga. Lakini mashamba makubwa ya mpunga yanayoingia mbugani, makundi ya ng'ombe yanayokanyaga kingo mpaka zinaporomoka, na misitu ya juu ya bonde inayokatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku, hayo yote yanaingiza udongo katika maji yaleyale ya kina kifupi ambako kambale anataga. Udongo ukifunika mayai, hata tungeufunga mto mwaka mzima tusingepata kitu. Sisi bado tuna nafasi ambayo Severn iliipoteza zamani, kwa kuwa sehemu kubwa ya Malagarasi haijazibwa na mbuga zake bado zinajaa na kukauka kwa wakati wake.

Kwa hiyo ninachokitaka ni kwamba mto upewe kipindi chake cha mapumziko, tofauti na cha ziwa, kinachoanza na mvua za kwanza badala ya tarehe iliyopangwa ofisini, kiwe cha wiki chache na kihusu vijito na mbuga za kutagia tu, ili mkondo mkubwa uendelee kumlisha mwenye ndoana moja. Wakati wa kuanza utangazwe na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vya vijiji, ambavyo vina wazee wanaojua kambale anapanda lini. Katika wiki hizohizo ng'ombe wazuiwe kuingia kwenye mbuga hizo, na mwenye shamba ndani ya mita 60 aondolewe kwanza yeye mwenye ekari nyingi, kabla ya mama mwenye matuta matatu ya mchicha. Nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki zilizokatazwa, zikamatwe dukani zinakouzwa, kwa kuwa kuzichoma ufukweni mbele ya kamera kunamtia hasara aliyenunua na kumwacha aliyeziingiza nchini.

Nilimsomea baba mdogo mapendekezo haya kwa simu wiki iliyopita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba migono yake iko darini tangu mvua zilipoanza mwezi wa kumi na moja, kwa kuwa ndivyo kaka yake alivyomfundisha, na kwamba siku atakapoona ng'ombe wa mkubwa fulani wametolewa mbugani, yeye mwenyewe atazunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba vijana nao waipandishe ya kwao.